Mbeya hadi Guangzhou: namna ya kupiga hesabu ya umbali na muda wa safari ya ndege

Kwenye steshenari yangu hapa Kabwe, Mbeya, tiketi za ndege huingia kwa WhatsApp. Mteja anatuma, nachapa, namkabidhi karatasi. Halafu haondoki. Anaigeuza karatasi mbele na nyuma, kisha anauliza: "Sasa kaka, hii safari ni ya saa ngapi?"

Haulizi bei, maana keshalipa. Anataka kujua atoke lini kwake Ilemi au Isanga, na wenyeji wake wamtarajie lini huko aendako. Karatasi imejaa saa tele, lakini jibu lake halimo, kwa sababu kila saa iliyoandikwa pale ni ya mji wake. Ukizichukua zote ukatoa moja kwa nyingine kama unavyohesabu safari ya Makambako, unapata jibu la uongo.

Mfano wangu utakuwa Guangzhou, kusini mwa China. Wafanyabiashara wa Mwanjelwa na Tunduma ninaowachapia tiketi huenda huko zaidi, hasa nyakati za maonyesho ya biashara ya Canton (jina la zamani la Guangzhou), yanayofanyika majira ya Aprili na tena majira ya Oktoba. Ukienda London au Mumbai hesabu ni hiihii, unabadilisha namba tu.

Hatua ya 1: Pima umbali wa angani

Anza na umbali, kwa sababu ndio utakaokuambia kama muda uliotajwa kwenye tiketi una akili au la.

Usipime kwenye ramani bapa ya ukutani. Dunia ni mviringo, na ukiilaza kwenye karatasi lazima ivutike pembeni. Kama una mtoto sekondari, mwombe mwalimu wa jiografia akuachie tufe la dunia kwa dakika tano. Zungusha uzi kwenye Ikweta mara moja, kisha upime uzi huo kwa rula. Mzunguko wa Ikweta ni kilomita 40,075, chukua 40,000 hesabu iwe nyepesi. Tufe lenye kipenyo cha sentimita 30 litakupa uzi wa sentimita 94 hivi, kwa hiyo kila sentimita ni kama kilomita 425. Sasa vuta uzi kutoka Dar es Salaam hadi Guangzhou, uukaze vizuri. Utapata sentimita 20 na nusu, yaani kilomita 8,700. Tazama na uzi ulikopita: unakata Bahari ya Hindi, katikati ya njia uko karibu na pwani ya kusini-magharibi ya India. Mimi nilipoufanya mchezo huu mara ya kwanza nilishangaa, kwa kuwa kichwani nilikuwa naiona China "kule juu" tu.

Asiye na tufe atumie simu. Fungua Google Maps, bonyeza uwanja wa kuondokea bila kuachia mpaka alama itokee, shuka kwenye maelezo yake uchague kupima umbali, kisha sogeza ramani mpaka uwanja wa kufikia. Namba itajiandika yenyewe.

Lakini huo ni umbali wa ndege isiyotua njiani, na kutoka Mbeya ndege ya namna hiyo haipo. Kwa hiyo pima kipande kwa kipande, kila mahali utakapobadilisha ndege. Kwa mtu anayepitia Dubai:

Songwe hadi Dar es Salaam, kilomita 690.
Dar es Salaam hadi Dubai, kilomita 3,980.
Dubai hadi Guangzhou, kilomita 5,830.

Jumla ni kilomita 10,500. Uzi wa moja kwa moja kutoka Songwe mpaka Guangzhou ungekuwa kilomita 9,400. Kwa hiyo kuzunguka Dubai kumekuongezea kilomita 1,100, kama umbali wa barabara ya Mbeya–Dar na zaidi.

Watu hubishana dukani kwangu kama kupitia Addis Ababa ni karibu zaidi. Nimepima. Dar hadi Addis ni kilomita 1,760, Addis hadi Guangzhou 8,040. Ukijumlisha na za Songwe unapata 10,490. Ni yaleyale. Chagua kwa bei na kwa muda wa kusubiri, umbali usikusumbue.

Hatua ya 2: Geuza kilomita kuwa saa

Kanuni yangu ni fupi: gawanya kilomita kwa 850, ujumlishe nusu saa.

Hiyo 850 ni mwendo wa kawaida wa ndege ya jeti ikishatulia angani, kilomita kwa saa. Nusu saa ni ya kutambaa uwanjani, kupanda, na kushuka, ambako ndege haiendi kwa kasi hiyo. Kama ndege ya Songwe siku hiyo ni ya pangaboi, gawanya kwa 600.

Jihadhari na nukta. Kilomita 3,980 gawanya kwa 850 ni 4.68. Hiyo si saa nne na dakika sitini na nane, ingawa nimeona mtu mzima akiiandika hivyo kwenye daftari lake. Chukua hiyo .68 uzidishe kwa 60, unapata dakika 41. Saa 4 na dakika 41, ongeza nusu saa, ni saa 5 na dakika 11. Tiketi huwa inasema saa tano na nusu hivi, kwa sababu mashirika hujiwekea akiba kidogo. Dubai hadi Guangzhou kwa kanuni hii ni saa 7 na dakika 22. Songwe hadi Dar kwa jeti ni saa moja na dakika 20, kwa pangaboi inakaribia saa moja na dakika 40.

Hesabu yako ikitofautiana na tiketi kwa nusu saa, acha ipite. Ikitofautiana kwa saa tatu au nne, rudi usome tiketi vizuri. Ama kuna kituo hukukiona, ama umechanganya saa za miji, na hilo la pili ndilo la kila siku.

Kuna na upepo. Juu kabisa, kilomita 9 hadi 12 kutoka ardhini, upo upepo mkali unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Ndege inayoelekea China kutoka Dubai inasukumwa mgongoni, inayorudi inaupiga uso kwa uso. Ndiyo maana kipande kilekile kinaweza kuandikwa saa 7 na dakika 25 kwenda, na saa 8 na dakika 10 kurudi. Hujaibiwa.

Hatua ya 3: Andika tofauti ya saa kati ya miji

Pembeni ya karatasi andika kila mji na tofauti yake na Mbeya. Addis Ababa haina tofauti na sisi. Dubai iko mbele kwa saa 1. Guangzhou iko mbele kwa saa 5, na usihangaike ukisikia mtu anakwenda Beijing au Shanghai au Yiwu, maana China nzima, pamoja na upana wake wote, imekubaliana kutumia majira ya aina moja.

Ulaya na Marekani ndiko kwenye mtego. Wao husogeza saa zao mara mbili kwa mwaka, sisi hatusogezi. London iko nyuma yetu kwa saa 3 wakati wa baridi na saa 2 wakati wa joto, na hubadilisha Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba. New York iko nyuma kwa saa 8, au 7 wakati wa joto, na hubadilisha kwa tarehe zake nyingine. Mwanao aliyeko huko akikuambia "mama, piga saa ileile" mwezi Novemba, mwulize ileile ya nani.

Hatua ya 4: Soma tiketi kwa Kiswahili

Hapa ndipo nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wanapopoteza hela.

Kila saa kwenye tiketi ni saa ya mji uliotajwa kando yake. Saa ya kuondoka Dubai ni ya Dubai, ya kufika Guangzhou ni ya Guangzhou. Na zote zimeandikwa kwa mtindo wa saa 24 unaoanzia saa sita usiku. Ili uisome kwa Kiswahili, toa 6. Ikibaki 13 au zaidi, toa 12 tena. Ikibaki 0, ni saa kumi na mbili. Ikiwa namba yenyewe ni ndogo kuliko 6, badala ya kutoa, ongeza 6.

Tuchukue tiketi ya mfano, mtu anaondoka Dar Jumatano:

Dar es Salaam, Jumatano, 16:45. Toa 6, ni saa kumi na dakika 45, yaani saa kumi na moja kasorobo jioni.
Dubai, Jumatano, 23:15. Toa 6, inabaki 17. Toa 12, ni saa tano na robo usiku.
Dubai, Alhamisi, 02:50. Ongeza 6, ni saa tisa kasoro dakika kumi usiku.
Guangzhou, Alhamisi, 14:15. Saa nane na robo mchana.

Tiketi nyingine haziandiki siku ya pili, zinaweka alama ndogo ya +1 kando ya saa. Maana yake ni kesho yake. Ni ndogo kama chawa, itafute.

Sasa iangalie vizuri ile 02:50 ya Alhamisi. Kwetu usiku wa saa tisa bado ni usiku wa Jumatano. Mtu aliyekesha msibani Jumatano mpaka saa tisa hatakuambia alikesha Alhamisi. Lakini kwa tiketi, siku imeshageuka tangu saa sita usiku. Mswahili ana namna yake nzuri ya kulisema hili, nayo ni "usiku wa kuamkia Alhamisi". Kila tiketi ninayochapa yenye saa kati ya 00:00 na 05:59, naandika maneno hayo kwa kalamu nyekundu, kwa mkono wangu, kabla sijaikabidhi.

Sikuanza hivyo. Nilianza baada ya shemeji yangu. Alikuwa na tiketi ya kutoka Dar iliyoandikwa Jumamosi, 00:40. Alishuka Dar Alhamisi, akafikia kwa ndugu Tabata, Ijumaa akaenda Kariakoo kutembea. Ijumaa usiku akalala. Jumamosi saa tatu usiku akafika uwanjani na begi lake na maparachichi ya Rungwe ya kuwapelekea wenyeji wake, akakuta jina lake halipo kwenye orodha. Dada wa kaunta akaitazama tiketi, akamtazama yeye, akamwambia: "Baba, ndege yako iliondoka jana usiku." Shemeji anabisha, anaonyesha kidole: Jumamosi hii hapa! Na kweli ilikuwa Jumamosi. Jumamosi iliyokuwa na umri wa dakika arobaini tu.

Na asipotokea mtu kwenye kipande cha kwanza, kwa kawaida mashirika huvifuta vipande vyote vilivyobaki, na cha kurudi kikiwemo. Maparachichi yaliliwa Tabata.

Ukiisha kuisoma tiketi hivyo, pata muda halisi. Ondoka Dar saa kumi na moja kasorobo jioni. Fika Guangzhou saa nane na robo mchana ya huko. Rudisha nyuma saa 5, ni saa tatu na robo asubuhi ya Mbeya. Kutoka jioni ile hadi asubuhi hii ni saa 16 na nusu. Jihakiki: angani saa 5 na dakika 30, kusubiri Dubai saa 3 na dakika 35, angani tena saa 7 na dakika 25. Jumla 16 na nusu. Zikilingana hivyo, umepatia.

Mtu angetoa tu 16:45 kwenye 14:15 ya kesho yake angepata saa 21 na nusu, akashinda anajiuliza zile tano amezilala wapi.

Wanaopitia Addis wana raha moja: saa ya mkononi haibadiliki mpaka kipande cha mwisho. Tena Wahabeshi wenyewe wanahesabu saa kama sisi, adhuhuri kwao ni saa sita. Ila uwanjani na kwenye tiketi wanafuata mtindo wa 24, kwa hiyo mtu wa mtaani akikutajia saa, uwe na uhakika ni ya mtindo gani.

Hatua ya 5: Hesabu kuanzia mlangoni kwako

Hizo saa 16 na nusu ni za mtu wa Dar. Wewe uko Mbeya.

Kwa ndege za nje, uwe uwanjani saa tatu kabla. Kaunta nyingi hufungwa saa moja kabla ya kuruka, na ikifungwa imefungwa. Kwa tiketi yetu ya 16:45 ina maana ufike terminali ya 3 saa nane kasorobo mchana. Kutoka hapo rudi nyuma mpaka kwako.

Kwa basi: umbali wa Mbeya–Dar kwa barabara ni kilomita 820 na ushei, na basi hula saa 12 hadi 14, ukipita Makambako, Iringa, mlima Kitonga, Mikumi na Morogoro. Lori moja likilala Kitonga, hesabu yote imevurugika. Basi la alfajiri linakushusha stendi ya Mbezi usiku, na Mbezi si Kipawa uliko uwanja wa ndege. Kwa hiyo siku ya basi na siku ya ndege zisiwe moja. Ondoka Jumanne. Utalala Dar usiku mmoja, Jumatano asubuhi utakuwa na muda wa kuoga na kufika uwanjani kupitia Kinyerezi bila kubanana na foleni za mjini. Treni ya TAZARA siiweki kwenye hesabu hii kwa sababu haipiti kila siku, labda kama una wiki nzima na unapenda kutazama nchi.

Kwa ndege: Uwanja unaitwa Songwe, lakini uko Wilaya ya Mbeya, baada ya Mbalizi. Nasema hivi kwa ajili ya mgeni anayeambiwa "Songwe" akapanda gari mpaka Vwawa kwa kuwa ndiko makao ya Mkoa wa Songwe. Kutoka mjini ni kilomita ishirini na kitu tu, ila barabara ni ileile ya malori ya Tunduma na Zambia, na mteremko wa Iwambi haueleweki. Tenga saa moja na nusu ya njiani hata kama dereva wako wa bajaji anakuapia nusu saa.

Je, uruke Songwe na Dar siku moja? Kama vipande vyote viko kwenye tiketi moja, ukichelewa cha kwanza, shirika ndilo linalotafuta namna ya kukufikisha. Kama umenunua ya Songwe kivyake na ya China kivyake, hakuna anayekudai wala unayemdai: ukungu wa Mbeya ukizuia ndege asubuhi, hasara ni yako. Wengi wetu tunanunua kivyake, kwa hiyo ushauri wangu ni uruke siku moja kabla, au angalau ndege ya asubuhi kabisa kwa safari ya jioni, na bado nitakuombea. Uangalie na kilo: mizigo inayoruhusiwa ndege ya ndani mara nyingi ni pungufu kuliko ya ndege ya nje, na ziada unalipia.

Tuweke namba. Mtu wa basi anatoka nyumbani Jumanne saa kumi na moja alfajiri. Anatua Guangzhou Alhamisi saa tatu na robo asubuhi kwa saa za Mbeya. Hizo ni saa 52 na robo. Ongeza saa mbili za uhamiaji, mabegi na metro laini ya 3 mpaka mjini, zinakuwa 54. Ndani ya hizo, ndege ilikuwa hewani saa 13 kasoro dakika 5. Mtu wa Songwe aliyetoka kwake Jumatano saa kumi na moja na nusu alfajiri anatumia kama saa 30. Kumbe tofauti kubwa ya safari ya China inaamuliwa hapahapa kati ya Mbeya na Dar. Mteja mmoja, mama muuza vitenge, nilipomwonyesha hesabu hii alicheka, akanishukuru kwa Kinyakyusa, akasema: "Ndaga fijo, mwanangu. Kumbe China ni jirani, Dar ndiyo mbali."

Hatua ya 6: Hesabu ya kurudi, na ya simu

Kurudi rudia yote upya, usigeuze ya kwenda. Mfano: Guangzhou, Jumapili, 00:25, yaani usiku wa kuamkia Jumapili, kwa hiyo Jumamosi jioni uwe umeshatoka hotelini. Unafika Dubai 04:35, unaondoka 09:55, unatua Dar 14:30, saa nane na nusu mchana, Jumapili hiyohiyo. Kwa macho ni saa 14 na dakika 5. Lakini safari hii unarudi magharibi, kwa hiyo zile saa 5 unaziongeza: ni saa 19 na dakika 5. Ndiyo maana mtu anatua mchana kweupe huku macho mekundu.

Kuhusu simu za nyumbani, saa mbili usiku ya Mbeya, watoto wakila, ni saa saba usiku Guangzhou. Piga wewe kabla hujalala: saa nne usiku ya kule ni saa kumi na moja jioni hapa, watoto wametoka shule.

Na anayekuja kukupokea Songwe usimtumie picha ya tiketi. Mwandikie saa ya Mbeya, kwa maneno, na siku yake. Kama unatua kabla hakujapambazuka, mwandikie usiku wa kuamkia siku gani.